Sundarananda: Maisha ya Seremala George Nakashima

Siku ya kumwadhimisha Vishwakarma inapowadia, mafundi wengi wa Kihindu huweka chini zana zao. Misumeno, patasi, randa na nyundo husafishwa, hupakwa kumkumu, huwekewa maua na kuombewa, na siku hiyo hakuna ubao unaopasuliwa. Jirani asiyeijua desturi hii huenda akashangaa kuona msumeno ukipewa heshima ambayo yeye humpa mzee wake. Kwa fundi mwenyewe hakuna la ajabu. Chombo kinachomlisha na kumfundisha subira kinastahili walau siku moja ya shukrani.

Katika toleo hili la kumbukumbu, linalosomwa na waumini pamoja na majirani wa hekalu, tumeona vema kusimulia maisha ya seremala mmoja aliyeielewa vizuri desturi hiyo, ijapokuwa hakuzaliwa Bara Hindi wala katika nyumba ya Kihindu. Alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani. Alifanya kazi na kuishi katika ashramu ya Pondicherry akiwa kijana, humo akapewa jina la Sundarananda, na kwa takriban miaka hamsini iliyofuata alitengeneza meza, viti, makabati na mabenchi kwa namna ambayo haieleweki vizuri pasipo kuikumbuka ashramu ile. Ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la George Nakashima.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1905 katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Japani, na upande wa baba ulikuwa wa ukoo wa mashujaa wa kale wanaoitwa samurai. Utotoni alijiunga na skauti, akazoea kutembea siku nyingi katika misitu ya milimani, ambako kuna miti iliyokwisha kuishi mamia ya miaka. Alipokuwa mzee na kuangalia nyuma, alizitaja safari hizo kuwa mwanzo wa kila kitu. Alipoingia Chuo Kikuu cha Washington alianza na masomo ya misitu, kisha akahamia usanifu wa majengo na kuhitimu mwaka 1929. Alipata pia nafasi ya kusoma Fontainebleau, Ufaransa, na mwaka 1930 akatunukiwa shahada ya uzamili ya usanifu katika chuo cha MIT. Hayo tunayataja kwa haraka, maana vyeti vilimsaidia kidogo sana katika kazi iliyompa jina.

Mdororo mkuu wa uchumi ulimkuta akiwa mwajiriwa wa serikali huko New York, naye akapoteza kazi. Vijana wengi wa wakati ule walirudi kwa wazazi wao kungoja siku njema. Yeye aliuza gari lake, akanunua tiketi ya meli ya kuzunguka dunia. Alikaa Paris kwa muda, akapita Afrika ya Kaskazini, na hatimaye akafika Japani, nchi ya wazazi wake, mwaka 1934.

Tokyo alipata kazi katika ofisi ya Antonin Raymond, msanifu mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Raymond alikuwa amefika Japani pamoja na Mmarekani Frank Lloyd Wright kwa ajili ya ujenzi wa hoteli kubwa ya Imperial, kisha akabaki na kufungua ofisi yake. Humo Nakashima aliona jambo ambalo hakufundishwa chuoni. Maseremala wa Kijapani walijenga nyumba na mahekalu ya mbao kwa kuunganisha ulimi wa ubao mmoja na tundu la mwingine, kwa usahihi ambao mara nyingi haukuhitaji msumari. Walijua mti upi unafaa kwa nguzo na upi kwa sakafu, na waliweza kuutazama ubao na kueleza mti wake ulisimamaje ulipokuwa hai.

Ofisi hiyo ndiyo iliyompeleka Bara Hindi.

Pondicherry wakati huo lilikuwa koloni la Ufaransa katika pwani ya kusini mashariki ya Bara Hindi. Sri Aurobindo, aliyezaliwa Kolkata mwaka 1872 na kusomeshwa Uingereza, alikuwa amepigania uhuru wa nchi yake hadi akafungwa na Waingereza. Mwaka 1910 alihamia Pondicherry, akaiacha siasa na kushika njia ya yoga. Watu walimfuata, na mwaka 1926 ashramu yake ikawa na umbo kamili chini ya uongozi wa mwanamke mzaliwa wa Paris, Mirra Alfassa, ambaye wafuasi humwita Mama. Wafuasi walipoongezeka, ilibidi kujenga bweni la kuwalaza. Raymond aliombwa kulichora. Fedha ya mwanzo, rupia laki moja, ilitoka katika serikali ya Nizam wa Hyderabad kwa juhudi za waziri Sir Akbar Hydari. Ndiyo sababu jengo likaitwa Golconde, kwa kukumbuka Golconda, ngome ya Hyderabad inayosifika kwa almasi. Kwa hiyo mtawala Mwislamu alisaidia kujenga bweni la ashramu ya Kihindu kwa michoro ya Mzungu wa Ulaya ya Kati, na aliyetumwa mwaka 1937 kusimamia ujenzi pale kiwanjani ni kijana wa Kijapani mwenye pasi ya Marekani. Majirani wetu wa dini mbalimbali wanaosoma ukurasa huu watatusamehe kwa kulitaja jambo hilo kwa furaha kidogo.

Jengo la Golconde limesimama hadi leo na linakaliwa. Ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ya zege lenye nondo na mtindo wa kisasa katika Bara Hindi yote. Halina madirisha ya kioo. Kuta zake ndefu za kaskazini na kusini ni safu za luva pana zinazofunguliwa na kufungwa kwa mkono, hivyo mkazi hupitisha upepo apendavyo na kulizuia jua na mvua ya masika. Juu kuna paa la vigae vikubwa vya zege vilivyopinda, navyo huacha nafasi ya hewa ili joto lisishuke vyumbani. Milango ni ya kusukuma kando, imetengenezwa kwa vipande vya msaji vilivyopangwa hivi kwamba hewa hupita na jicho halipiti. Wenyeji wa pwani yetu wanaujua mti huo, kwani msaji kutoka Bara Hindi ndio uliochongwa milango mingi ya fahari ya Zanzibar. Ndani ya kila chumba mna samani chache sana, nazo pia ni za msaji, na Nakashima ndiye aliyezibuni.

Namna lilivyojengwa ndiyo iliyombadilisha. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanaashramu wenyewe, na wengi wao hawakuwa mafundi. Walimu, makarani na wasomi walichanganya zege, walipinda nondo na kusugua kuta. Vyombo vya zamani vya shaba vilivyotolewa na waumini viliyeyushwa, vikawa vitasa na vifaa vya milango. Hakuna aliyeharakishwa. Iwapo sehemu haikuwa sawa, ilirudiwa. Mfuasi mwingine wa usanifu, František Sammer, naye Mcheki, alishiriki kazi hiyo, na Raymond mwenyewe alikaa Pondicherry kwa miezi kadhaa mwaka 1938. Ujenzi uliendelea hadi miaka ya vita, muda mrefu baada ya Nakashima kuondoka.

Msomaji wa Gita anaijua njia ya karmayoga, yaani kutenda kazi kwa ukamilifu na kuitoa sadaka, pasipo kushikilia tunda lake. Wengi tumeisikia ikifafanuliwa tangu utotoni, na wengi tumesinzia wakati wa kufafanuliwa. Nakashima hakuanza kwa kuielezwa. Aliiona ikichanganywa na mchanga na saruji kila asubuhi. Baada ya muda akafanya jambo lililowashangaza watu wa ofisi yake: akaacha kupokea mshahara, akaomba kuwa mmoja wa wanaashramu. Sri Aurobindo akampa jina la Sundarananda, yaani mwenye kufurahia uzuri. Kwa maoni yetu jina hilo lilichaguliwa kwa jicho kali sana. Kijana aliyepewa alikuwa bado hajatengeneza hata moja ya samani zilizomletea sifa duniani.

Mwaka 1939, dunia ikielekea vitani, aliondoka Pondicherry, akapitia China na kurudi Japani. Tokyo alikutana na Marion Okajima, mzaliwa wa Marekani kama yeye, aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko. Walirudi Marekani, wakafunga ndoa mwaka 1941.

Katika safari ya kuangalia majengo mapya ya California alilitembelea mojawapo la Frank Lloyd Wright, msanifu aliyesifiwa kuliko wote nchini mwake. Alihuzunika. Michoro ilikuwa ya kupendeza, lakini kazi ya mikono ilikuwa hafifu. Aliona kwamba msanifu anaweza kuwaza mengi mazuri, kisha watu asiowajua wakayaharibu. Akaamua kutafuta kazi ambayo ataishika mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, tangu gogo hadi mteja anapokalia kiti. Huko Seattle akapata nafasi ya karakana ndogo katika klabu ya vijana ya wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll, akaanza kutengeneza samani. Mtu mwenye shahada mbili za usanifu, aliyesimamia jengo kubwa la zege, sasa alikuwa akipiga randa miguu ya meza. Hakuna dalili kwamba aliona ameshuka daraja.

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia Bandari ya Pearl. Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa pwani ya magharibi ya Marekani na kufungiwa kambini. Wengi wao walikuwa raia, waliozaliwa na kusomeshwa humo humo. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Walipewa siku chache tu za kuuza au kuacha maduka, mashamba na nyumba zao, na kila mtu aliruhusiwa kubeba kile ambacho mikono yake iliweza. George na Marion walikuwa na mtoto mchanga, binti yao Mira, aliyezaliwa mwezi uleule wa amri. Walipelekwa kambi ya Minidoka, katika nyika kavu ya jimbo la Idaho.

Minidoka ilikuwa na safu za mabanda ya mbao yaliyozungukwa na waya wa miiba. Wakati wa kiangazi vumbi liliingia katika kila upenyo, na wakati wa baridi, barafu. Watu zaidi ya 9,000 waliishi humo, familia nzima katika chumba kimoja, na choo na mahali pa kula vilikuwa vya pamoja. Mtu akitafuta mahali ambapo maisha ya fundi yangeweza kukatika, basi ni hapo.

Kambini alikuwamo mzee wa useremala, Gentaro Hikogawa, aliyekuwa amefunzwa kazi hiyo Japani kwa njia ya kale. Nakashima, msanifu msomi aliyekwisha kuzunguka dunia, aliomba kuwa mwanafunzi wake. Mbao hazikuwapo za kutosha. Walitumia masalio ya ujenzi wa kambi na vichaka vigumu vya jangwani, wakajaribu kukipa chumba cha banda sura ya mahali pa kuishi watu. Hikogawa alimfundisha kunoa na kushika zana za Kijapani, ikiwamo misumeno inayokata inapovutwa na patasi zenye makali ya chuma kigumu. Zaidi ya hapo, alimfundisha kutochoka na kiungo mpaka kikae sawasawa. Kijiti kilichopinda, ambacho seremala mwingine angekitupa motoni, mzee huyo alikigeuza mkononi na kutafuta mahali ambapo kupinda kwake kungefaa.

Hatusemi kwamba kufungwa kulikuwa heri. Wapo wanaopenda kusimulia habari ya Minidoka kana kwamba ilikuwa shule iliyoandaliwa makusudi na majaliwa, na tunaona simulizi hiyo inawapunguzia mzigo waliotenda dhuluma. Kambi ilikuwa uonevu mtupu. Kilichofanyika ndani yake kilitokana na wafungwa wawili waliokataa kuzipoteza siku zao.

Mwaka 1943 Antonin Raymond, ambaye sasa aliishi katika shamba karibu na mji mdogo wa New Hope, Pennsylvania, alimdhamini mfanyakazi wake wa zamani atoke kambini pamoja na mke na mtoto. Kazi aliyompatia ilikuwa kutunza kuku. Nakashima akatunza kuku. Muda wa ziada aliutumia kwa mbao, na baadaye akapata ekari tatu za ardhi kwa kulipa kwa kazi ya mikono yake. Humo alijenga karakana na nyumba kwa mawe na mbao za hapohapo, akisaidiwa na wachache. Aliishi mahali hapo mpaka mwisho wa maisha yake, na mwanawe wa kiume, Kevin, alizaliwa huko mwaka 1954.

Sasa tuingie karakanani, kwani huko ndiko alikokaa zaidi ya miaka arobaini.

Kazi ilianza mbali sana na karakana, mbele ya gogo. Miti aliyoipenda zaidi ilikuwa mijozi myeusi ya Marekani, na baadaye alitafuta pia mialoni ya Uingereza na magogo mengine adimu. Mengi yalikuwa ya miti iliyokufa au iliyoangushwa kwa sababu nyingine, na wafanyabiashara wa mbao waliyakataa kwa kuwa yalikuwa na mafundo, nyufa na mipindo. Gogo kama hilo ni bahati nasibu. Alisimama mwenyewe kwenye kiwanda cha kupasulia, akaamuru msumeno upite wapi na ubao uwe mnene kiasi gani, na kosa la inchi chache lingeweza kuharibu umbo lililojificha ndani kwa miaka mia mbili. Mbao za gogo moja ziliwekwa pamoja kwa mpangilio uleule wa gogo, zikatenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikaachwa zikauke. Maseremala huhesabu takriban mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, na baada ya hapo ubao ungeweza kukaa ghalani miaka mingi zaidi, ukimngoja mteja wake. Nakashima alikuwa na maghala yaliyojaa mbao za namna hiyo, na alijua kila moja ilikotoka.

Mteja alipokuja hakuonyeshwa meza zilizokwisha kutengenezwa. Alipelekwa kwenye mbao. Walizungumza juu ya nyumba yake na idadi ya watu wanaokula pamoja, wakaugeuza ubao huu na ule, na Nakashima akachora mchoro mdogo kwa penseli. Mara nyingi mchoro ulifuata ubao, maana aliuacha ukingo wake wa asili, palipokuwa na gome, uonekane kando ya meza na mawimbi yake yote. Jina la mteja liliandikwa chini ya ubao kwa wino mweusi. Jina la fundi halikuandikwa kwa miaka mingi. Alianza kutia sahihi mara kwa mara alipokuwa mzee tu, na jambo hilo limewatesa sana wauzaji wa minadani.

Kuna alama moja ambayo anayeijua huitambua kazi yake kutoka upande wa pili wa chumba. Ubao ulipokuwa na ufa, hakuukata sehemu hiyo wala hakuujaza gundi na unga wa mbao ili kuuficha. Alichonga kipande cha mti mgumu chenye umbo la kipepeo, chembamba katikati na kipana kwenye ncha zote mbili, akakizamisha kukatiza ufa. Kipande hicho huuzuia ufa usiendelee kufunguka, na wakati huohuo huuacha uonekane. Wakati mwingine kuna vipepeo vitatu au vinne kwa safu juu ya meza moja, kama mishono juu ya jeraha lililopona. Kiungo hicho ni cha kale na hakukibuni yeye. Ila kabla yake watu wengi walikiweka upande wa chini usioonekana.

Tuseme pia lile ambalo wapenzi wa kazi za mikono hupenda kulisahau: karakana yake ilikuwa na mashine. Msumeno wa umeme ulipasua, randa ya umeme ilisawazisha, na fundi alichukua patasi na randa ya mkono pale ambapo mashine hufikia kikomo, yaani kwenye viungo, kingo na uso wa mwisho. Wala hakufanya kazi peke yake, kwani alikuwa na kundi dogo la mafundi aliowafundisha. Alichokataa ni kuiacha mashine iamue umbo la kitu. Alikwisha kujaribu njia ya viwandani, akibuni viti kwa kampuni ya Knoll katika miaka ya arobaini na samani kwa kiwanda cha Widdicomb-Mueller katika miaka ya hamsini, na kila mara alirudi kwenye maghala yake.

Kiti kilichomletea sifa kubwa kinaitwa Conoid. Kina miguu miwili tu iliyosimama juu ya mihimili miwili mirefu inayolala sakafuni, na kalio lake limejitokeza mbele pasipo mguu wa kulishika. Wako waliokitazama wakasema kitavunjika. Hakikuvunjika. Jina alilitoa katika karakana aliyoijenga hapo New Hope mwishoni mwa miaka ya hamsini, yenye paa la zege jembamba lililojikunja kama kombe.

Mwaka 1964 alirudi Bara Hindi, safari hii Ahmedabad katika Gujarat, kwa mwaliko wa Taasisi ya Taifa ya Ubunifu. Alibuni samani ambazo zilitengenezwa na mafundi wa huko kwa idadi ndogo. Familia nyingi za mafundi wa Kigujarati wa Afrika Mashariki zina asili yao katika mkoa huohuo, na babu zao walifika huku wakiwa na masanduku ya patasi. Mwaka huohuo alianza kushirikiana na mafundi wa Takamatsu, Japani, ambako samani zake bado zinatengenezwa.

Sifa zilikuja, na matajiri nao. Mwaka 1973 Nelson Rockefeller, aliyekuwa gavana wa New York, aliagiza vipande zaidi ya 200 kwa ajili ya nyumba yake moja. Hapa kuna swali ambalo msomaji makini atatuuliza: kazi iliyotokana na karmayoga iliishiaje katika nyumba za mabwana wakubwa? Haifai kulikwepa. Ubao mmoja wa aina ile, uliotafutwa, kukaushwa miaka kadhaa na kuchongwa wiki kadhaa, hauwezi kuwa rahisi, na tangu kifo chake bei za minadani zimepanda hadi kusikitisha. Tunaloweza kusema ni kwamba orodha ya wateja wake ilikuwa ndefu, na walimu na madaktari wa mitaa ya karibu walikuwamo pamoja na Rockefeller. Zaidi ya hapo hatuna utetezi.

Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 76, alitoa kitabu chake kuhusu roho ya mti na maisha ya fundi wa mbao. Humo anaangalia nyuma kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kubishana. Anasimulia misitu ya utotoni, Paris, Tokyo, Pondicherry na kambi, kisha anazungumza juu ya miti. Aliamini kwamba mti mkubwa unapokufa unastahili maisha ya pili, na kwamba seremala ni mhudumu wa maisha hayo. Kuhusu imani hakujifunga katika zizi moja. Alijihesabu kuwa na Uhindu, Ukatoliki na urithi wa Kijapani kwa pamoja, na kalamu iliyochora samani za Golconde ilichora pia makanisa ya Kikatoliki Marekani, Japani na Mexico. Huko nyuma wako waliomwona kuwa mtu asiyejua alikosimama. Mzee Nakashima mwenyewe hakuonekana kusumbuka.

Kazi yake ya mwisho kubwa ilianza mwaka 1984, alipopata gogo la mjozi mkubwa kupita yote aliyowahi kuona, kutoka Long Island, New York. Alipolipasua, alipata mbao pacha pana mno, zilizofaa kulazwa kando kwa kando kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Hakutaka kuziuza. Alizifanya madhabahu ya amani isiyo ya dini moja, iliyounganishwa kwa vipepeo vyake, akaazimia kila bara la dunia lipate moja. Ya kwanza ilipokewa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu John the Divine, jijini New York, usiku wa kuamkia mwaka 1987.

Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria kwa ajili ya makambi, ikakiri kwamba hayakutokana na haja ya usalama, na ikaahidi dola 20,000 kwa kila aliyefungwa ambaye alikuwa bado hai. Mzee alikuwa na umri wa miaka 83. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 1990. Yeye alikuwa ameaga dunia tarehe 15 Juni mwaka huo, nyumbani kwake New Hope.

Karakana haikufungwa. Mira, yule mtoto mchanga wa Minidoka, alisomea usanifu kama baba yake, akawa msaidizi wake kwa miaka mingi, kisha akashika uongozi. Ndani ya maghala mlikuwa na mbao ambazo mzee alizichagua na kuzipasua na hakuwahi kuzipatia umbo, naye akaendelea kuzitoa moja baada ya nyingine. Madhabahu nyingine za amani zilitengenezwa pia. Moja yao ilisafirishwa hadi kusini mwa Bara Hindi, ikawekwa mwaka 1996 katika Auroville, mji ulioanzishwa na Mama wa ashramu, mwendo mfupi kutoka Golconde, ambako wakazi bado hufungua luva kwa mkono kila asubuhi.